Sukari Kwenye Kabati la Baba

Msaidizi wa maabara alichemsha mkojo wa baba mbele ya macho yetu. Alitia matone machache katika kichupa chenye dawa ya bluu, bluu safi kama sare mpya ya shule, akakishika kwa kibanio cha mti juu ya moto wa spiriti, nasi watatu, baba, mama na mimi, tukakikodolea macho kama watu wanaosubiri taarifa ya habari. Bluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano haikukaa, ilipita mbio ikawa rangi ya chungwa, na ilipofika rangi ya tofali lililochomwa ikatulia, ikajaa chini kama tope.

"Sukari," alisema msaidizi, bila hata kutazama mara ya pili.

"Yote hii iko ndani ya mimi?" baba aliuliza. Alishangaa, na ndani ya mshangao wake, naapa, kulikuwa na majivuno kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba ana shamba asilolijua.

Hiyo ilikuwa Arua, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, na nilikuwa nimewasindikiza wazazi wangu kutoka Koboko kwa sababu ya kidole. Kidole kidogo cha mguu wa kulia wa baba kilikuwa kimekwaruzwa na ndara mpya za tairi, jeraha dogo ambalo angelicheka alipokuwa askari, lakini jeraha hilo lilikataa kupona. Lilikuwa sasa na mwezi na nusu. Kidole kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeanza kuangalia kidole cha jirani.

Daktari, mwanamke kijana aliyesema kwa upole usiotia matumaini, alimpa baba vidonge, kisha akachukua kalamu ya wino na kuchora mstari juu ya kifundo cha mguu wake. Halafu akachora mwingine, chini kidogo ya goti.

"Wiki mbili, mzee," alisema. "Sukari ikishuka, nyama itapata nguvu ya kujitengeneza, na labda nitaondoa kidole tu. Isiposhuka, nitakata hapa." Akagusa mstari wa kwanza. "Au hapa."

Njia nzima ya kurudi Koboko, nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya muhogo mkavu, baba alikaa amenyoosha mguu na kutazama mistari ile. Jioni, alipotia udhu, maji yaliifuta, lakini alikuwa amekwisha kujua ilipokuwa.

Nilijiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa baba. Hakuna aliyenipigia kura. Nilikuwa nasoma historia, fani ambayo haimfundishi mtu chochote kuhusu kongosho, lakini nilikuwa mtu pekee nyumbani aliyewahi kuingia maktaba yenye ngazi, na katika umri ule niliona hiyo ni sifa ya kutosha. Nilichukua karatasi kubwa, nikaandika kwa herufi nene AMRI ZA KUDUMU, ili kumfurahisha askari mstaafu, na chini yake nikapiga marufuku sukari, soda, asali, miwa na glukosi. Nikaibandika ukutani mwa chumba chake kwa ugali uliolainishwa. Baba aliisoma yote, polepole, midomo ikicheza, kisha akanipigia saluti akiwa amelala. Sikujua kama ananitii au ananicheka. Mama alijua, lakini hakusema.

Lazima nieleze sukari ilikuwa nini kwetu, la sivyo mtu atadhani baba alikuwa mlafi. Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ilipoanguka, sisi jamaa za wanajeshi tulivuka mpaka kwa miguu, na tuliishi ng'ambo hadi katikati ya miaka ya themanini. Huko baba alikunywa chai ya majani ya porini, bila maziwa, bila kitu. Aliporudi na kujenga nyumba yake Koboko, kitu cha kwanza alichonunua baada ya mabati kilikuwa kikopo cha kuwekea sukari, chenye picha ya maua. Kikombe cha chai nyumbani kwetu kilikuwa na vijiko vinne, na mgeni aliyepewa vitatu angeweza kwenda kuuliza majirani amekosa nini.

Sasa kikopo kile kilikuwa tupu. Baba alikunywa chai kavu, bila hata kijiko kimoja, na alikunja uso, lakini alikunywa. Na bado hakupata nafuu. Kiu ilikuwa ileile. Alimaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri, akatoka nje mara zisizohesabika. Aliyekuwa na kipimo cha kweli nyumbani alikuwa mama. Kila asubuhi alikwenda kwenye kona ya bafu la matete, mahali baba alipokojolea, akainama na kuangalia sisimizi waliofuata utamu.

"Wako wengi kama jana," aliniambia siku ya nne. "Wengine wameleta watoto yao."

"Ni mapema, mama," nilisema kwa sauti ya mhadhiri. "Mwili una akiba."

Nilikuwa na hakika, kwa sababu nilikuwa nakagua kila kitu kilichoingia. Na vitu viliingia kwa wingi, maana kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Zamani watu walileta kuku na mayai. Lakini miaka ile maduka yalikuwa yamefunguka, magari ya misaada yalikuwa yanapita kila siku kupeleka chakula kwa wakimbizi waliotoka Sudani, na mtu mwenye heshima zake alileta kitu cha pakiti au cha kopo. Kitu chenye karatasi ya kung'aa kilionyesha kwamba mgeni amemjali mgonjwa. Tena palikuwa na desturi moja: mgonjwa huonja zawadi mbele ya aliyeileta. Ikikorogwa, anakunywa. Ikifunguliwa, anatafuna. Asipoonja, mgeni anatoka akijiuliza kama anadhaniwa mchawi.

Kwa hiyo mimi nilisimama mlangoni kama afisa wa forodha. Glukosi nilirudisha kwa adabu, na nilijisifu sana kwa hilo. Maji ya machungwa ya chupa nilirudisha. Vingine nilivipeleka dirishani kwenye mwanga, nikasoma maandishi yake, na nilipokuta habari za vitamini, madini na nguvu za mwili, nikavipitisha. Biskuti za chumvi: zipite, si ni za chumvi? Unga wa uji wa wakimbizi, uliouzwa sokoni kwa kupimwa katika mifuko ya nailoni: upite, maana hata daktari huwapa watoto waliokonda. Kopo la unga wa kimea wa kukoroga na maji moto, lenye picha ya mkimbiaji: lipite kwa heshima. Mkate wa duka, nyanya za kopo, siagi ya karanga kutoka Kenya, maziwa ya unga, dawa ya kikohozi. Vyote niliviweka katika kabati la kioo la baba, kwa mistari, na kila nilipolipita nilijiona nimetenda kazi.

Siku ya tano akaja shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mfanyabiashara wa asali. Aliikusanya kwa wafugaji wa nyuki wa Ludara, akaifunga katika madumu, akaileta Koboko kwa baiskeli za kukodi, na kutoka hapo alipanda lori kwenda kuiuza Arua. Hakujua kusoma. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema na watu walio ng'ambo ya mto, na alijulikana kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumuuzia asali iliyochanganywa na sukari iliyochemshwa. Wengi walijaribu. Wengine wa biashara hiyo walikuwa na vipimo vyao. Walichovya kijiti cha kiberiti ndani ya asali na kukiwasha, au walidondosha tone mchangani. Shangazi aliita hayo michezo ya watoto. Yeye alisukutua kinywa kwa maji vuguvugu, akatafuna kipande cha muhogo mkavu, akasukutua tena, kisha akaweka tone la asali katikati ya ulimi na kufunga macho. Asubiri. Watu wote waliomzunguka wasubiri. Alipofungua macho alikuwa amekwisha kujua, na muuzaji alikuwa amekwisha kujua kwamba amejua.

Aliingia chumbani, madumu yake yakiwa barazani, na kabla hajakaa nilimkinga.

"Shangazi, karibu sana. Lakini asali ni marufuku."

Alinitazama, kisha akatazama karatasi ukutani. "Hii nini? Iko bei ya soko?"

"Amri za Kudumu," alisema baba kitandani. "Mutoto ametupa amri. Hata wewe."

"Mimi hapana leta asali kwa mutu ya sukari," shangazi alisema. "Nani amekwambia mimi mujinga? Pole, afande. Nasikia wanataka kukukata." Alimwita baba afande tangu alipoingia jeshini, na hakuna siku neno hilo lilipotoka kinywani mwake likiwa na heshima ndani yake. Alikaa, akaushika mguu wa baba, akakinusa kidonda bila kuona haya, akaurudisha mguu taratibu juu ya mto.

Baba alikuwa anakunywa uji wa asubuhi, ule wa unga wa wakimbizi. Shangazi alichukua kikombe mkononi mwake, akanywa funda moja, akasimama.

"Nani ametia sukari?"

"Hakuna sukari," nilisema. "Huo ni uji wa mahindi na soya. Umepikwa na mama bila kitu."

"Hii iko na sukari."

"Shangazi, utamu huo ni wa mahindi yenyewe. Kuna wanga, na wanga..."

"Mahindi mimi nalima, profesa. Mahindi hapana piga ulimi hapa." Akagusa ncha ya ulimi wake. "Tamu ya mahindi inakuja nyuma, pole pole, kama mutu anaomba ruhusa. Hii imeingia mbele, imesalimia, imetoka. Hii ni sukari ya duka."

Nilicheka. Nasikitika kusema nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kile tulichojifunza chuoni, kinachotoka puani. Nikamwambia kwamba hisia za ulimi si ushahidi.

"Sawa," alisema shangazi. "Lete maji ya baridi."

Kilichofuata kimekaa akilini mwangu zaidi ya mihadhara yote niliyolipiwa. Alitaka bakuli mbili. Katika moja alitia unga wa wakimbizi, katika ya pili unga wa mahindi uliosagwa kwa mawe na mama. Akamimina maji baridi katika zote mbili, akakoroga kwa kidole, akaziacha kivulini. Tulikaa. Baba aliomba ageuzwe upande ili aone vizuri. Unga ulizama, maji juu yakawa meupe-meupe, kisha yakaanza kung'aa. Shangazi akayachuja kwa kitambaa cha mama cha kichwani, kilichokuwa safi, akatwaa vifuniko viwili vya bati vya sufuria, akaviweka juu ya makaa, akamimina vijiko vichache vya maji ya bakuli ya kwanza katika kimoja, na vya bakuli ya pili katika kingine.

"Huko ng'ambo," alieleza huku akipepea makaa, "watu walituuzia chumvi ya kuchanganya na unga. Unga inabaki chini, chumvi inaingia maji. Unachemsha maji mpaka inaisha, unaona chumvi yako iko ngapi. Nafikiri sukari iko na tabia moja na chumvi. Tutaona."

Maji ya unga wa mama yalikauka na kuacha ukoko mwembamba mweupe, kama alama ya chozi shavuni mwa mtoto. Maji ya unga wa wakimbizi hayakukauka. Yaligoma. Yalipungua, yakawa mazito, yakaanza kutoa mapovu madogo yenye uvivu, kisha yakageuka rangi: dhahabu, kahawia, kahawia nzito, na chumba kizima kikajaa harufu ya peremende. Shangazi alikichukua kifuniko kwa pembe ya kanga, akachovya kijiti, akakivuta. Uzi mwembamba ulinyooka kutoka kwenye bati hadi usawa wa pua yangu, ukang'aa katika mwanga wa mlangoni.

Nilikuwa nimeshika mfuko wa nailoni wa unga ule, unga wa kawaida, mkavu, usio na hatia yoyote usoni, na nilihisi kama mtu anayegundua kwamba amekuwa akiishi na mpangaji asiyemjua.

"Ushahidi," alisema baba kutoka kitandani.

Tulilifungua kabati. Nasema tulilifungua, lakini ukweli ni kwamba nilikabidhi funguo kama jemadari aliyeshindwa. Mchana wote uliobaki shangazi alifanya kazi: kwanza ulimi, kisha bakuli, kisha kifuniko. Ulimi ulitoa hukumu, nami nilikimbia kati ya jiko na chumba kuona kama bati litakubali. Lilikubali. Biskuti za chumvi zilipolowekwa na kuchujwa ziliacha utando wa kahawia unaonata. Chumvi ilikuwapo kweli, lakini ilikuwa imetangulizwa mbele kama askari wa gwaride. Unga wa kimea wenye mkimbiaji ulikuwa mbaya kuliko wote, ulijaza kifuniko gundi. Siagi ya karanga shangazi hakuhitaji hata kuipima. Alilamba, akaagiza karanga zilizosagwa na mama, akalamba, akaniambia nilambe zote mbili. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia alichokuwa akisema. Ya kopo ilisalimia mbele. Ya mama ilikuja kutoka nyuma, karibu na koo, na ilikaa. Nilikuwa nimekula karanga tangu nimeota meno, na nilikuwa sijawahi kuzionja.

Nyanya za kopo zilinishangaza zaidi. Nani anatia sukari kwenye nyanya? "Mutu ambaye nyanya yake ilikuwa chachu," alijibu shangazi, kama jambo la kawaida kabisa. Maziwa ya unga yalitushinda. Maziwa yana utamu wake wa kuzaliwa, na kifuniko hakikuweza kutuambia upi ni wa ng'ombe na upi ni wa kiwanda. Shangazi aliyaweka kando. "Hii mimi hapana jua. Hapana kunywa mpaka unauliza daktari." Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisikia mtu mwenye ujuzi akisema hajui, na nilikosa.

Ikabaki chupa ya dawa ya kikohozi. Baba alikuwa na kikohozi cha tumbaku na alikunywa dawa hiyo vijiko vitatu kwa siku, kwa uaminifu, maana ilikuwa chungu na aliamini uchungu. Shangazi alionja, akatema.

"Hii safi. Hii ni shubiri tupu."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kuirudisha kabatini mama aliposema, "Wifi, iweke kwa bati pia. Mbona inanata kwa shingo ya chupa?"

Dawa ilimwagwa kwenye bati. Ilichukua muda mfupi kuliko vyote. Ilichemka, ikafura, ikawa nyeusi, na ilipopoa ilikuwa ngumu, inayong'aa, tamu pembeni pale ambapo uchungu ulikuwa umeungua. Ilikuwa sukari zaidi ya chochote katika kabati.

Shangazi alikaa chini sakafuni. Aliligeuza lile bati mikononi, akaligonga kwa ukucha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na mwizi hodari kuliko wote aliowahi kuwakamata. "Imejificha ndani ya chungu," alisema taratibu. "Miaka yote hii. Mimi hapana jua kama inaweza kufanya hivyo." Sikuwahi kumwona akishindwa kabla ya hapo, na alishindwa kwa furaha ya ajabu, kama muumini aliyeonyeshwa jambo jipya la uumbaji.

Aliyekasirika alikuwa baba.

"Basi chukueni yote!" alifoka. "Miaka sita mimi nakunywa majani ya msitu. Nasema ndani ya roho, siku nafika Koboko nakula sukari mpaka sukari yenyewe inachoka. Sasa nimefika, munaninyima. Sasa hata dawa munaninyima!"

"Imechoka, afande," alisema shangazi akiwa bado sakafuni. "Imechoka sana. Iko inalala kwa mguu yako."

Baba aligeukia ukuta. Bega lake lilitikisika kidogo, na sisi tukajifanya tunakusanya bakuli.

Shangazi hakwenda Arua wiki ile. Madumu yake yalikaa barazani, naye alikaa kwenye mkeka karibu na kitanda. Baba alikula dona la mama, maharage, mboga za majani, samaki mkavu, na chai kavu. Wageni walipokuja na pakiti zao, shangazi alizipokea, akatangaza kwamba leo mgonjwa ni yeye, akaonja mbele yao kwa heshima zote, akashukuru. Walicheka, wakaridhika. Siku ya nane mama alirudi kutoka bafuni akisema sisimizi wamepungua. Siku ya tisa alisema ameona watatu tu, na hao walionekana wamepotea njia.

Siku ya kumi akaja rafiki wa baba kutoka Lurujo.

Huyu hakuwa mgeni wa kawaida. Tulipokimbia mwaka ule, baba alikuwa na risasi kwenye paja, na mtu huyu, aliyekuwa kikosi kimoja naye, alimbeba mgongoni hadi ng'ambo. Sasa alikuwa mkulima, mzee kabla ya wakati wake, na alikuwa ametembea tangu alfajiri akiwa amekumbatia kopo jipya la unga wa kimea, lenye mkimbiaji yuleyule. Kabla shangazi hajasimama, alikuwa amemwomba mama maji ya moto, amekoroga kwa mkono wake mwenyewe, na amekaa kitandani akimshikia baba kikombe mdomoni.

"Kunywa, ndugu yangu. Hii iko na nguvu."

Shangazi alinitazama. Mimi nilimtazama mama. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia mtu yule kwamba mgonjwa ni mwingine.

Baba alikipokea kikombe. Alikiweka karibu na uso, na mvuke wenye harufu tamu ulimpanda machoni. Nilimwona akivuta pumzi ndefu kupitia puani. Kisha akatazama chini, kwenye mguu wake uliofungwa bandeji juu ya mto.

"Ndugu," alisema, "siku ile ulibeba mguu hii pamoja na mimi?"

"Nilibeba yote. Ulikuwa muzito kama punda."

"Sasa mbona unataka kuikata?"

Rafiki yake hakuelewa. Baba alimweleza yeye mwenyewe, kwa maneno yake: rangi ya tofali, mistari ya kalamu, bakuli, bati, uzi uliong'aa. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, bila wanga wala kongosho. Alipomaliza alimrudishia kikombe kwa mikono miwili. "Nionjee wewe. Wewe mguu yako iko mizima."

Mzee yule alikipokea. Kisha akanywa chote, mpaka chini, akijifuta macho, na akasema kilikuwa kitamu sana, Mungu amsamehe.

Tuliporudi Arua kichupa cha bluu kilichemshwa tena. Kiligeuka kijani. Tulisubiri kiendelee. Kilibaki kijani, kijani ya majani ya muhogo baada ya mvua, na msaidizi wa maabara alikitikisa, akakitazama mara ya pili. Daktari alibonyeza nyama kuzunguka kidonda, akauliza kama baba anasikia, na baba akasema anasikia mpaka kwenye meno. Kidole kidogo kilikuwa kimekufa, alisema daktari, hakina msaada. Lakini weusi ulikuwa umesimama. Hakugusa kalamu.

Alikata kidole kimoja. Baba alilala hospitali siku kadhaa, na siku ya kuondoka alikiomba, kwa kuwa kiungo cha Mwislamu hakitupwi jalalani. Kilikuwa kimehifadhiwa kwa ombi lake tangu siku ya kwanza. Alipewa kikiwa kimefungwa kwa shashi nyeupe, kifurushi kisichozidi tende moja, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na tukapanda gari la Koboko. Nilikaa karibu naye nikiwa sijui niweke wapi macho yangu.

Tulikizika nyuma ya nyumba, kwenye udongo laini karibu na ua. Nilichimba mimi, nilichimba shimo lenye kina kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikujua kipimo, na hakuna kitabu nilichowahi kusoma kilichokitaja. Mama alileta kiti, baba akakikataa. Alisimama wima, amejiegemeza kwenye fimbo, bandeji yake nyeupe juu ya udongo mwekundu, akasoma dua fupi, akainama mwenyewe kuweka kifurushi. Shangazi alikuwa nyuma yetu.

"Kidole moja tu, afande," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Moja tu."

Baba alijaza shimo kwa mkono, akalisawazisha, akasimama tena. Kisha akauhamishia mguu wa kulia uzito wake, kidogo, akijaribu, kama mtu anayepima daraja kabla ya kuvuka. Ulimshika. Akauhamishia zaidi.